Jinsi ya Kuipima Timu Yako ya Besiboli Msimu Ukiwa Katikati

Kila timu ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida, karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na hata timu inayotwaa ubingwa kwa kawaida hupoteza zaidi ya 50 kati ya hizo. Kufungwa mara sita mfululizo mwezi Mei, kwa hiyo, si ushahidi wa jambo lolote, na kushinda mara sita mfululizo vilevile. Anayetaka kuipima timu yake kwa haki aliweke kando jedwali la msimamo kwa muda na aanze na mikimbio, yaani pointi za besiboli, ile ambayo timu imefunga na ile iliyofungwa dhidi yake.

Mchambuzi wa takwimu Bill James alitoa kanuni nyepesi ambayo mpaka leo haijapitwa na wakati. Chukua mikimbio ambayo timu yako imefunga, uizidishe kwa yenyewe; fanya vivyo hivyo kwa mikimbio iliyofungwa dhidi yake; kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili. Utapata sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Baltimore Orioles wa mwaka 2012 walifunga mikimbio 712 na kufungwa 705, na kanuni hiyo inawapa ushindi wa mechi 82 hivi, lakini wao walishinda 93. Ziada hiyo ilitoka kwa kiasi kikubwa katika mechi zilizoamuliwa na mkimbio mmoja tu, ambazo walishinda 29 kati ya 38. Mwaka uliofuata walishinda 20 tu kati ya mechi 51 za aina hiyo, na ingawa walifunga mikimbio mingi kuliko msimu uliotangulia, ushindi wao ulishuka hadi 85. Ukiona timu yako imeipita hesabu kwa mechi nane au kumi, furahi, lakini usijenge matumaini ya mwaka ujao juu ya ziada hiyo.

Ikiwa hali ni kinyume chake, yaani timu inashinda pungufu ya inavyostahili, mtazame kwanza mrushaji anayeingia mechi ikiwa inaelekea ukingoni. Warushaji wa akiba ndio wanaopoteza uongozi wa mkimbio mmoja katika awamu ya nane na ya tisa, zile za mwisho wa mechi, na kwa bahati nzuri hao ndio rahisi zaidi kuwapata sokoni.

Baada ya timu, mtazame mchezaji mmoja mmoja, na hapa ndipo mashabiki wengi hukosea kwa pupa. Mipira inayopigwa ikabaki ndani ya uwanja, ukiiacha ile inayovuka uzio, humfikisha mpigaji salama takriban mara 3 katika kila 10, ukichukua ligi nzima. Mpigaji ambaye kwa mwezi mzima anapata 2 tu kati ya 10, huku akiendelea kuupiga mpira kwa nguvu na hatolewi kwa straiki tatu (kukosa au kuacha mipira mitatu halali) mara nyingi kuliko zamani, hana ugonjwa wowote. Mipira yake inawaangukia wadakaji. Yule wa kutiliwa shaka ni anayeanza kuzungusha gongo kwa mipira iliyo nje kabisa ya eneo la straiki, na akiugusa mpira unabingirika polepole ardhini. Kwa mrushaji, kipimo cha haraka ni mwendo wa mpira wake wa kasi. Ukishuka kutoka maili 96 kwa saa hadi 93 bila maelezo, uliza kuhusu bega au kiwiko kabla ya kulaumu moyo wake. Na akipelekwa kwenye upasuaji wa kiwiko uitwao Tommy John, mwondoe katika hesabu zako kwa mwaka mmoja au zaidi.

Majeruhi wanastahili kuhesabiwa kwa majina, si kwa manung'uniko. Washington Nationals wa mwaka 2019 walikuwa wameshinda mechi 19 na kupoteza 31 mwezi Mei, baada ya kuwakosa kwa vipindi tofauti Trea Turner, Anthony Rendon na Juan Soto, lakini warushaji wao wa kuanza, Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin, walikuwa wazima. Mwezi Oktoba walikuwa mabingwa. Swali la kujiuliza, basi, ni kama waliopo wanatosha kuishikilia timu hadi wasiokuwepo warudi.

Kuhusu chipukizi, msomaji asiridhike na wastani wa kupiga peke yake. Kila klabu ina ngazi nne za timu za msimu mzima katika ligi ndogo, yaani, kutoka chini kwenda juu, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, na takwimu zilezile zina uzito tofauti kulingana na umri: kijana wa miaka 20 anayejimudu katika Double-A anatia matumaini zaidi kuliko wa miaka 25 anayetamba hapohapo. Kupanda kutoka High-A kwenda Double-A ndiko kunakochuja wengi, kwa sababu huko warushaji wanaweza kurusha mpira wa kupinda wakati wowote.

Thamani ya chipukizi haiko kwenye kipaji pekee, iko pia kwenye mkataba. Mchezaji huwa huru kujiuza baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, ambako siku 172 huhesabiwa kuwa mwaka mmoja, na katika miaka mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Klabu inayomtoa kijana wa namna hiyo inatoa miaka sita ya kazi kwa bei nafuu. Kwa sababu hiyo, unapopima mabadilishano ya wachezaji, andika pembeni ya kila jina miaka iliyosalia kabla ya uhuru wake, kisha andika timu yako inatarajia kushindania ubingwa lini. Safu hizo mbili zisipolingana, mabadilishano ni mabaya hata kama majina ni makubwa.

Mwaka 1987 Detroit Tigers walimchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta kwa kumtoa kijana John Smoltz. Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata moja na Detroit wakaongoza divisheni yao, yaani kundi lao ndani ya ligi. Smoltz aliishia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Wengi huita hilo wizi, lakini mimi naona Detroit walipata kile walichokifuata. Chicago Cubs nao walimtoa Gleyber Torres ili wampate Aroldis Chapman mwaka 2016, wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, na ni nadra kumsikia shabiki wao akidai arudishiwe Torres.

Timu inayouza wachezaji hupimwa kwa saa nyingine. Nationals walipomtoa Soto kwenda San Diego Agosti 2022, alikuwa bado na zaidi ya miaka miwili kabla ya uhuru wake, na ndiyo maana waliweza kudai CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood kwa mpigo. Wote watatu wamechaguliwa kwenye mechi ya All-Star, yaani mechi ya nyota wa ligi, lakini hadi msimu wa 2025 timu yenyewe haikuwa imemaliza mwaka na ushindi mwingi kuliko vipigo, kwa sababu waliowazunguka hawakutosha. Dirisha la mabadilishano hufungwa kati ya Julai 28 na Agosti 3. Kabla ya hapo, fanya hesabu ya mikimbio, orodhesha majeruhi na tarehe za kurudi kwao, na uamue kama timu yako ni ya kununua au ya kuuza, ili tangazo litakapotoka ulipime kwa hesabu zako mwenyewe.