Somo: Senti 2 Nyekundu ya Washington, na Namna ya Kuipima Kabla Hujaifurahia

Karibu kila wiki natumiwa picha ya stempu ile ile. Kichwa cha George Washington kimegeukia kushoto, rangi nyekundu, senti 2, na chini yake ujumbe: "Mwalimu, nimeona mtandaoni hii inauzwa maelfu ya dola. Yangu nayo vipi?"

Jibu la haraka ni kwamba stempu hizo zilichapwa kwa mabilioni, na nyingi leo hazifikii bei ya andazi. Jibu refu ndilo somo hili. Kuanzia 1908 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, Ofisi ya Uchongaji na Uchapaji ya Marekani ilitoa familia nzima ya stempu zenye vichwa viwili tu, Washington na Benjamin Franklin, kwa michoro iliyobuniwa na Clair Aubrey Huston. Ukizitazama kwa macho matupu zinafanana kama mapacha. Kinachozitofautisha ni karatasi, vitobo, mtambo wa kuchapia na milimita nusu. Humo ndimo adimu zinamojificha, na matapeli nao humo humo.

Vifaa

Kibano kisicho na meno, lenzi ya kukuzia mara 10, rula nzuri ya milimita, kisahani cheusi, na petroli safi ya kujazia viberiti vya chuma. Hiyo petroli tumia dirisha likiwa wazi, na mbali kabisa na jiko, sigara na mshumaa. Stempu usiishike kwa vidole. Mafuta ya ngozi hayaonekani leo, yataonekana baada ya miaka kumi.

Hatua ya 1: Soma thamani

Je, thamani imeandikwa kwa maneno au kwa tarakimu? Za 1908 za senti 1 na 2 zina maneno, na ile ya senti 1 ina kichwa cha Franklin. Mwaka 1912 wakaweka tarakimu, senti 1 nayo ikapewa Washington. Hapo tayari umepunguza nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Tafuta alama ya maji

Laza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, dondoshea matone mawili ya petroli. Kabla haijakauka tazama kama kuna sehemu ya herufi inayojitokeza kwa weusi: hiyo ndiyo alama ya maji, iliyotiwa ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi nzima ilikuwa na herufi USPS zilizorudiwa-rudiwa, kwa hiyo stempu moja hupata kipande tu: mgongo wa S, mguu wa P. Herufi kubwa za mistari miwili ni karatasi ya hadi 1910. Herufi ndogo za mstari mmoja ni 1910 hadi 1916. Baada ya hapo karatasi haina alama. Petroli haiyeyushi gundi, lakini hapa subira inahitajika; mimi huona alama mara ya tatu, mara nyingine ya nne.

Hatua ya 3: Hesabu vitobo

Weka rula ukingoni, hesabu vitobo vilivyomo ndani ya sentimita 2. Mara nyingi utapata 12, 10 au 11. Historia yake inachekesha kidogo. Vitobo 12 vilifanya karatasi zichanike zenyewe mikononi mwa makarani, kwa hiyo 1914 wakashuka hadi 10. Sasa stempu zikawa ngumu kuchanika, watu wanazipasua katikati. Mwaka 1917 wakakubaliana na 11.

Ukiunganisha hatua ya 2 na ya 3, stempu nyingi zitakutajia umri wake zenyewe. Na pale ambapo hesabu inagoma, ndipo moyo uanze kudunda. Chukua senti 2 yenye alama ya mistari miwili, ya karatasi ya 1908, lakini ina vitobo 11 vya 1917. Haiwezekani? Ipo. Akiba ya zamani ya karatasi zisizotobolewa ilirudishwa kutoka posta ya New York, na badala ya kuteketezwa ikatobolewa kwa mashine za wakati huo. Ni adimu kweli. Lakini kumbuka kwamba hata tapeli ana mashine ya kutoboa, na stempu zisizotobolewa za 1908 bado zinapatikana. Kwa hiyo moyo udunde, mfuko ubaki umefungwa.

Hatua ya 4: Pima mchoro wenyewe

Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapopotea.

Mwanzoni stempu zote zilichapwa kwa bamba bapa. Kuanzia 1914 ukaja mtambo wa kuzunguka, hasa kwa stempu za roli za kutumbukizwa kwenye mashine za kuuzia. Bamba likikunjwa kuuzunguka mtungi, chuma hutanuka kidogo, na mchoro hutanuka nao. Mchoro wa bamba bapa una upana wa kama milimita 18.5 hadi 19 na kimo cha 22. Wa mtambo wa kuzunguka ama umerefuka hadi kimo cha 22.5, ama umetanuka hadi upana wa 19.5 au 20, kutegemea bamba lilikunjwa upande gani.

Rula itakuchosha macho, kwa hiyo fanya hivi. Chukua stempu ya bamba bapa isiyo na thamani, ya senti 1 ya kijani iliyochanika inatosha. Ikate kwa wembe ibaki na umbo la herufi L, ukifuata mstari wa nje wa mchoro upande wa kushoto na chini. Ilaze juu ya stempu unayoishuku, pembe kwa pembe. Kama mchoro wa chini unachungulia nje ya L yako, ni wa mtambo wa kuzunguka. Ukilingana, ni wa bamba bapa. Mimi ninayo L moja nimeitumia hadi imekuwa laini kama kitambaa. Tazama na mgongo wa stempu: za bamba bapa mara nyingi zina vidoa vya wino kwa kuwa karatasi zilipangwa moja juu ya nyingine zikiwa mbichi.

Kati ya 1918 na 1920 kuna tatizo la tatu. Kwa sababu ya vita wino mzuri ulikuwa shida, na ule mbaya ulikuwa ukila mabamba. Senti 1, 2 na 3 zikachapwa kwa ofseti, yaani bila mabamba ya kuchongwa. Pitisha ncha ya kibano taratibu sana juu ya mchoro, au itazame kwa mwanga wa pembeni: stempu ya kuchongwa ina vijituta vya wino, ya ofseti ni bapa na kama imefifia.

Hatua ya 5: Kingo

Ukingo mmoja ulionyooka bila vitobo si ajabu. Karatasi za stempu 400 zilikatwa kuwa nne za 100, na za katikati zikabaki na ukingo mmoja au miwili inayopakana iliyonyooka. Kingo mbili zinazotazamana zikiwa zimenyooka, hiyo ni ya roli, au ni kazi ya mkasi.

Mfano mkubwa ni senti 3 ya zambarau ya roli ya 1911, ambayo wakusanyaji huiita ya Orangeburg. Ilikuwa imekusudiwa roli chache tu, na zikaishia kwa kampuni ya dawa ya Bell katika mji wa Orangeburg, jimbo la New York, iliyokuwa ikituma sampuli za dawa kwa madaktari. Watu walichukua sampuli, vifungashio wakatupa. Leo ni miongoni mwa roli za Kimarekani zinazotafutwa zaidi, na huaminika hasa ikiwa na muhuri wa mji huo wa miezi ya mwanzo ya 1911. Kuighushi ni rahisi: unachukua senti 3 ya kawaida yenye vitobo 12 pande zote, unapunguza juu na chini. Lakini mkasi hula kimo. Ndiyo maana stempu ya roli au isiyotobolewa mimi huitaka ikiwa jozi, au ikiwa juu ya bahasha yake.

Hatua ya 6: Bahasha iliyosafiri

Usikate stempu. Narudia kwa sababu mimi nilikata. Nilipofika Ohio miaka hiyo nilinunua boksi la barua kuukuu kwenye mnada wa vitu vya marehemu, nikakaa jikoni na mkasi usiku kucha, nikijiona hodari. Stempu moja ya senti 5 ya buluu niliikata kutoka bahasha iliyoandikwa Kijabe, B. E. Africa, yaani British East Africa, Kenya ya leo. Bahasha nikaitupa. Mtu wa Mombasa mimi, nimetupa barua iliyokwenda nyumbani!

Bahasha ina mashahidi watatu: ada, tarehe na njia. Wote wakubaliane. Barua ya ndani ya Marekani ililipa senti 2 kwa aunsi. Kuanzia tarehe 2 Novemba 1917 ikawa senti 3 kwa ajili ya vita, hadi mwisho wa Juni 1919, kisha ikarudi 2. Barua ya rejista iliongezewa senti 8, na tangu Novemba 1909 senti 10. Kwenda nchi za nje ilikuwa senti 5, isipokuwa chache kama Uingereza, ambayo tangu Oktoba 1908 ilitozwa senti 2 kama ya ndani. Ukionyeshwa barua ya Februari 1918 yenye stempu moja ya senti 2 na hakuna alama yoyote ya kudaiwa, uliza maswali.

Nikipenda bahasha moja kuliko zote, ni ile yenye senti 5 nyekundu. Senti 5 ilitakiwa iwe buluu. Mwaka 1917, kwenye bamba namba 7942 la senti 2, nafasi tatu zilifutwa ili zichongwe upya, na aliyezirudishia akashika kwa makosa roli ya chuma ya kugandamizia mchoro wa senti 5. Karatasi nyekundu zikatoka na senti 5 tatu katikati ya ndugu zao senti 2. Wengi walizibandika bila kujua, kwa hiyo inawezekana kukuta barua iliyolipiwa senti 2 dirishani lakini imevaa senti 5. Soma tarakimu, msomaji. Watu walipitwa na hii kwa sababu walisoma rangi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Binamu yangu aliyeko Texas amenitumia stempu yenye ndege iliyopinduka kichwa chini. Niache kazi?*

Marahaba. Usiache. Tazama thamani. Ile maarufu ya 1918, iliyopinduka kwa makosa ya uchapaji, ni senti 24, fremu nyekundu na ndege ya buluu. Ilitoka shiti moja tu ya stempu 100, aliyoinunua William Robey kwa dola 24 posta ya Washington tarehe 14 Mei. Moja yake iliuzwa mnadani 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2. Yako naamini imeandikwa dola 2: posta ya Marekani iliitoa upya mwaka 2013, kwa makusudi, sita sita. Kichekesho ni kwamba safari hiyo walificha shiti 100 ambazo ndege yake iko sawasawa, na hizo ndizo zinazotafutwa.

*Kutoka Pemba: Stempu zangu zinashikana na zinatoka madoa ya kahawia. Nifanyeje?*

Ni unyevu na ukungu, ndugu yangu, maradhi yetu sote wa pwani. Albamu isimame wima, isibanwe na nyingine, isikae ukutani wala kwenye kabati la chini. Weka vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, uvibadilishe mara kwa mara. Plastiki laini yenye harufu kali usiitumie kabisa, inakula wino. Zilizoshikana usizivute. Kama hazina gundi unayotaka kuihifadhi, ziloweke maji ya vuguvugu, zitaachana zenyewe. Zenye doa tenga, kwa maana doa huhamia jirani.

*Kutoka Toronto: Muuzaji wa mtandaoni ana roli ya vitobo 10 kwa bei nzuri, ila picha ni ya mbele tu.*

Dada, omba picha ya nyuma na yenye rula pembeni. Akikataa, umejibiwa. Kwa kitu cha bei kubwa dai cheti cha wataalamu kinachothibitisha kuwa stempu ni halisi, cha Philatelic Foundation ya New York au cha American Philatelic Society, kisha linganisha picha ya cheti na stempu, kitobo kwa kitobo. Cheti halali kilichoambatana na stempu nyingine nimekutana nacho mara mbili.

*Kutoka Mombasa: Nina bahasha ya 1913 kutoka Boston kuja hapa. Ina senti 2 tu na herufi T imegongwa. Ni feki?*

La, hiyo T, alama ya kudaiwa, ndiyo inayoipa heshima. Aliyetuma alilipa ada ya ndani, au labda alidhani himaya ya Mwingereza inahesabika kama Uingereza. Ilipungua senti 3, na aliyeipokea alidaiwa mara mbili ya upungufu. Geuza nyuma utafute mihuri ya njiani, na usiisafishe wala kuinyoosha kwa pasi.

*Kutoka Nakuru: Ile stempu ya Kijabe uliipoteza tu hivyo, au bado unayo?*

Ninayo. Imebaki na robo ya muhuri: LEDO, na chini yake 1911. Toledo, bila shaka. Nyuma ya bahasha ile sikutazama hata mara moja.