Namba za wateja kwa ofisi nzima, bila seva

Kama mko wanne au watano ofisini, msinunue seva kwa ajili ya namba za simu na ratiba. Fungueni akaunti moja ya Google ya ofisi, kila mmoja aiongeze kwenye simu yake, kisha azime usawazishaji (sync) wa vingine vyote abakize anwani tu, yaani majina na namba za simu (Contacts). Namba ya mteja ikiingizwa na mmoja, wote wanaipata.

Wengi hukwama hapa: simu huhifadhi namba mpya kwenye laini au kwenye akaunti binafsi, na wenzako hawaioni kamwe. Ingia mipangilio ya programu ya anwani, weka akaunti ya ofisi iwe ndiyo ya kuhifadhia. Shika kila simu uifanye mwenyewe, maana kuagiza kwa mdomo hakutoshi. Namba za zamani zitoe kwa faili la vCard, yaani faili linalobeba majina na namba za simu, uziingize mara moja.

Jambo la kuwaonya wenzako: ukifuta jina, linafutika kwa wote. Hukaa kwenye tupio siku 30, kwa hiyo wahi kulirudisha.

Kalenda ni rahisi zaidi. Tengeneza mpya kwenye Kalenda ya Google ukitumia kompyuta, uishirikishe kwa akaunti binafsi za wenzako. Anayepanga miadi mpe ruhusa ya kuhariri. Wengine wasome tu.

Mtu akiacha kazi, badilisha nywila siku hiyohiyo, uitoe simu yake kwenye orodha ya vifaa, na jina lake kwenye kalenda.