Kadi mbili za grafiki kwa gemu za 4K: kuzifunga, kuzipima, na kujua kama zinakufaa

Mpwa wangu alivuka na kompyuta yake kutoka Pemba, kaizungushia blanketi ndani ya boksi la TV, akashuka nayo bandari ya Malindi, Unguja. Kwao ni Wesha, nyumba haiko mbali na maji. Ndani ya kesi mlikuwa na kadi mbili za grafiki za NVIDIA, GTX 1070 za mtumba, alizozipata kwa bei nzuri, na ukumbini kwao wana TV ya 4K. Aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, mbona zipo mbili na gemu linakwenda kama ipo moja?"

Tulikaa nayo siku tatu. Nayaandika haya ili mwengine asizipoteze siku tatu zake.

Jibu nalitoa mapema. Kadi mbili zinaweza kuchezesha gemu kwa 4K, lakini kwa gemu chache, na fremu nyingi (picha zinazochorwa moja baada ya moja) si lazima ziwe mchezo laini. Kama pesa bado iko mfukoni, nunua kadi moja yenye nguvu na uishie hapo. Kama kadi mbili unazo tayari, twende.

Hatua ya 1: Tazama gemu zako kabla ya kushika bisibisi

Fikiria watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja anapiga, mwenzake anainua mchi, zamu kwa zamu. Kadi mbili hufanya hivyo: moja inachora fremu hii, nyengine inachora inayofuata. Teknolojia ya NVIDIA inaitwa SLI, ilitoka 2004. Ya AMD ni CrossFire, ilitoka mwaka uliofuata.

Zamu hizo hazijipangi zenyewe. Ama draiva (programu inayoiendesha kadi) iwe na maelekezo ya gemu hilo, ama waliolitengeneza gemu waiandike kazi hiyo wenyewe. NVIDIA ilitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2021 haiongezi tena maelekezo mapya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na za nyuma yake. Katika RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zilizobakishiwa kiunganishi cha kadi mbili, na RTX 4090 ya 2022 haina kabisa. Kwa hiyo gemu za zamani kama GTA V zinanufaika, na chache za baadaye kama Shadow of the Tomb Raider na Red Dead Redemption 2 zina uwezo huo ndani yake.

Gemu nyingi za leo hutumia fremu iliyopita ili kuisafisha inayofuata. Fremu iliyopita ikiwa iko kwenye kadi ya pili, ya kwanza inabidi ingoje, na faida ya zamu inapotea. Fortnite na eFootball zimejengwa juu ya Unreal, injini ya kutengenezea gemu, na huko kadi ya pili inalala tu. Kama hizo ndizo unazocheza kila siku, uza kadi moja leo.

Jambo jengine: kumbukumbu haijumlishwi. Kadi mbili za GB 8 hazikupi GB 16, kwa sababu kila moja inabeba nakala yake ya vitu vile vile. Gemu likitaka GB 10 kwa 4K, zote mbili zitakwama pamoja.

Hatua ya 2: Umeme na joto

GTX 1070 moja imepangiwa wati 150. Mbili ni 300, na bado hujahesabu prosesa. Mimi sikubali chini ya pawasaplai ya wati 750 ya kampuni inayojulikana, na kila kadi ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai. Vile vigeuzi vya waya vya bei rahisi sivitii kwenye mashine ya mtu. Nimeshakuta plastiki yake imeyeyuka.

Wengi husahau UPS, lile boksi la betri ya akiba. Ya VA 650 inayouzwa madukani hubeba kiasi cha wati 360 hadi 390. Umeme ukikatika ukiwa katikati ya gemu, itapiga kelele mara moja na kuzima, na diski yako ndiyo itakayoumia. Chagua UPS kwa kuangalia wati, si VA.

Joto la kaskazi unalijua. Kadi ya juu inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na ya chini. Acha nafasi ya sloti moja baina yao, na kama unachagua, chukua zile zenye feni moja inayosukuma moto nje kwa nyuma ya kesi. Zina kelele, lakini kwa kadi mbili ndizo zinazofaa.

Hatua ya 3: Zifunge

Kadi zote mbili ziwe za aina moja, 1070 na 1070. Kampuni iliyoziunda inaweza kutofautiana. Juu yake unaweka daraja, kile kipande kinachoziunganisha. Kwa 4K usitumie daraja laini la zamani, tafuta lile gumu la HB. Pima kwanza umbali baina ya sloti zako, kwa sababu daraja gumu halikunjiki wala halivutiki. TV uichomeke kwenye kadi ya juu.

Hatua ya 4: Draiva

Futa ya zamani kwa DDU, programu ya kufutia draiva, ukiwa katika hali salama ya Windows, halafu weka mpya.

Hatua ya 5: Kadi ya pili inaonekana, lakini SLI haipo

Hapa ndipo zilipokwenda siku mbili kati ya zile tatu.

Windows inaziona kadi zote mbili. Feni zinazunguka. Unafungua paneli ya NVIDIA, na pale pa kuwashia SLI hapapo kabisa. Sababu ya kawaida ni kwamba SLI haikubali kadi yoyote iliyounganishwa na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa njia za data chini ya nane, yaani chini ya x8. Madabodi nyingi za bei nafuu zina sloti ya pili ndefu yenye umbo la x16, lakini ndani yake mna njia nne tu. Soma kitabu cha madabodi yako. Kikikwambia x4, hakuna fundi atakayekusaidia: badilisha madabodi au sahau SLI. AMD hawana sharti hilo. Kadi zao kama R9 290 ya 2013 hazihitaji hata daraja, kwa hiyo CrossFire itawaka kwenye x4, ila utaona kasi inapungua.

Madabodi ya mpwa wangu ilikuwa ya x8 na x8, kitabu kinasema na umbo lake linaonesha. Basi nikafungua GPU-Z, programu inayoonesha habari za kadi, nikachagua kadi ya pili kwa menyu iliyo chini, nikasoma mstari wa basi (njia ya data baina ya kadi na madabodi): x16 3.0, halafu alama ya @, halafu x4 1.1, yaani kwanza uwezo wa kadi, kisha inachotumia sasa.

Ile 1.1 ikanipoteza usiku mzima. Nilidhani sloti imeshuka kizazi, nikaingia BIOS (mipangilio ya ndani ya madabodi), nikalazimisha 3.0, nikasasisha BIOS yenyewe, nikarudi, bado 1.1. Kumbe kadi ikipumzika hushusha kasi ya basi ili kuokoa umeme, na hilo ni sawa kabisa. Pembeni ya mstari ule kuna kitufe chenye alama ya kuuliza. Kibonyeze, anzisha jaribio dogo la kuchora, ndipo usome. Nilipofanya hivyo 1.1 ikawa 3.0 mara moja. Lakini x4 ikabaki x4, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Kujua kama ni kadi au sloti, usikisie. Toa zote. Weka ya kwanza peke yake sloti ya juu, washa, soma. Halafu ya pili peke yake katika sloti ile ile. Yetu ya kwanza ilisoma x16, ya pili ikasoma x4 hata ilipokuwa juu. Basi ni kadi.

Nikaichukua mpaka dirishani. Ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye sloti ulikuwa na utando hafifu wa kijani kwenye baadhi ya meno, na madoa meupe kama chumvi iliyokaukia kwenye jiwe. Hii ni hewa ya bahari. Meno machache yasipogusa vizuri, kadi na madabodi hukubaliana kutumia njia zile zinazofanya kazi tu, kimya kimya, bila kukuonesha kosa lolote.

Kusafisha: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kesi kabla ya kushika kadi. Chukua raba nyeupe ya penseli, ile laini ya watoto wa skuli, sugua kutoka ndani kuelekea nje, taratibu, kwa urefu wa meno. Kisha pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye aisopropili (alkoholi ya kusafishia), uache ikauke. Usitumie msasa, kwa sababu dhahabu ile ni nyembamba sana na ikitoka hairudi. Usitumie spiriti ya rangi, inaacha utando wake. Usitumie mafuta ya kulegeza kutu. Usipulize sloti kwa mdomo, maana mate yana maji na chumvi, na chumvi ndiyo uliyokuja kuiondoa. Sloti yenyewe isafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi, halafu ingiza na kutoa kadi safi mara tatu nne. Usishike meno kwa vidole baada ya hapo.

Tukarudisha. x16 ikiwa peke yake, x8 na x8 zikiwa pamoja, na SLI ikatokea kwenye paneli. Ilikuwa baada ya isha siku ya pili.

Kama unaishi karibu na bahari, fanya ukaguzi huu kila baada ya masika. Na mashine isiyotumika usiiache wazi dirishani.

Hatua ya 6: Pima ulaini, acha wastani

Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, programu za kupima na kudhibiti kadi. Sitaki mtu anioneshe ile namba ya fremu kwa sekunde peke yake. Washa grafu ya muda wa fremu.

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ichukue milisekunde 16.7. Sasa chukua kadi mbili ambazo zamu zake zimeharibika: fremu moja inakuja baada ya 8, inayofuata baada ya 25. Wastani ni 16.5, na kihesabu kitakwambia 60 bila wasiwasi. Lakini jicho linazisikia zile 25, ambazo ni mwendo wa fremu 40. Ni kama yule mtwangaji mmoja amechelewa kuinua mchi: idadi ya mapigo ni ile ile, mdundo umevunjika.

Grafu ikiwa kama uzi ulionyooka, umefaulu. Ikiwa kama meno ya msumeno, zima SLI ucheze sehemu ile ile kwa kadi moja. Mara nyingi utakuta namba imeshuka na mchezo umekuwa laini zaidi. Amini macho yako.

Kabla ya kulaumu kadi, hakikisha TV kweli inapokea 4K kwa 60 Hz. Inahitaji HDMI 2.0 pande zote, na TV nyingi zinataka uwashe mlango huo kwenye menyu yake. HDMI 1.4 hukupa 30 tu kwa picha ya rangi kamili, na 30 hukwamakwama hata ungekuwa na kadi nne.

Hatua ya 7: Weka kikomo, kisha shusha

Kwa RivaTuner, si kwa kikomo cha ndani ya gemu, funga fremu chini kidogo ya kiwango ambacho mashine inakifikia hata ikizidiwa. Kadi inayotangulia italazimika kungoja, na meno ya msumeno yatapungua sana.

Yakibaki, shusha ukali. 4K ina pikseli milioni 8.3, 1440p ina milioni 3.7, chini ya nusu. Kwa umbali wa kukaa kwenye kochi tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani, na GTX 1070 moja inaiweza 1440p kwa gemu nyingi za wakati wake.

Mpwa wangu aliondoka na mipangilio miwili: GTA V kwa 4K, kadi mbili, kikomo cha 55, na gemu nyengine zote kwa 1440p, kadi moja, SLI imezimwa. Nilimfungia na raba ndani ya boksi.