Kila mfanyakazi na akaunti yake

Ukiwa na duka Kibuye na tawi Ahero, na stoo mnaiandika kwenye Google Sheets (jedwali la mtandaoni ambalo watu kadhaa hulitumia pamoja), usiwape wote nywila moja. Mimi niliwapa. Siku moja mifuko 12 ya saruji ikakosekana kwenye hesabu, kila mtu "si mimi, bosi", nami sikuwa na la kujibu.

Sasa kila mmoja anaingia kwa barua pepe yake. Wa kaunta anaruhusiwa kuandika. Dereva wa pikapu, kuangalia tu. Namba ikikutia shaka, kwenye kompyuta ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, ufungue historia ya mabadiliko: utaona nani aligeuza 40 ikawa 28, na saa ngapi.

Ambalo sikulitarajia ni simu kupungua. Zamani wa Ahero alinipigia kila mteja akiulizia mabati, hata nikiwa kwenye matatu. Siku hizi anaangalia mwenyewe, anakubaliana na mteja, basi. (Kazi ngumu ilikuwa mimi kujifunza kunyamaza.)

Mtu akiacha kazi, mwondolee ruhusa siku hiyo hiyo.