Makopo manne ya Kampala

Walimu wenzangu wa historia, vita ya Kagera huwa tunaimalizia pale Kampala ilipoanguka, Aprili 1979. Kengele ikilia, tunafuta ubao. Mimi, hapa Bukoba ninapofundisha, huanzia hapo hadi uchaguzi wa Uganda wa 1980, na naomba vipindi viwili mfululizo.

Somo ni igizo. Tafuta makopo manne ya maziwa, karatasi, na mpini wa jembe. Mpini ndio bunduki.

Kwanza weka sababu sawa, maana wanafunzi hupenda kuandika kwamba tulikwenda kuleta demokrasia. Tulikwenda kwa sababu Idi Amin, rais wa Uganda, alivamia Kagera. Suala la nani atawale Uganda lilikuja baadaye, Machi 1979, Waganda wa uhamishoni walipokutana Moshi huku jeshi letu likiwa tayari ndani ya nchi yao.

Mkalishe mmoja kitini, ndiye Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin. Baada ya siku 68, mwinue. Mkalishe Godfrey Binaisa, rais aliyemfuata. Huyu alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite Ojok, na Mei 1980 Tume ya Kijeshi ikamng'oa. Hapo simama uulize: wanajeshi wa Tanzania walikuwa wapi siku hiyo? Walikuwa hukohuko Uganda. Wakizuia, wanatawala wao. Wakiacha, anatawala mwenye mpini. Usiharakishe. Darasa langu liligombana dakika ishirini hapo, na mmoja akauliza gharama alilipa nani. Nikawasimulia mama yangu na foleni za sabuni za hapa kwetu baada ya vita.

Sasa uchaguzi wa tarehe 10 Desemba 1980. Kila chama kina kopo lake, ndilo sanduku la kura: UPC ya Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, DP, UPM ya Yoweri Museveni, na CP. Atatokea wa kuuliza kwa nini lisiwe kopo moja. Mwambie DP nao walilalamika vivyo hivyo. Wapige kura, waanze kuhesabu. Kabla hawajamaliza, mwenye mpini, uliyemnong'oneza mapema kwamba yeye ni Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, asimame aseme matokeo atatangaza yeye peke yake. Akusanye karatasi zote, amtangaze Obote. Wengine wasijue mapema, vinginevyo somo limeharibika.

Malizia na Museveni, aliyesema kura ziliibwa, kuvamia kambi ya jeshi ya Kabamba, Februari 1981. Sentensi mbili zinatosha, vita ya msituni ina kipindi chake.

Mwaka jana binti aliyehesabu kopo la DP alikataa kutoa karatasi yake, akaichomeka kwenye soksi. Mwenye mpini akanitazama mimi. Nikajifanya napanga chaki. Karatasi yenyewe sijarudishiwa hadi leo.