Somo: Safari ya Uskoti, chagua sherehe kwanza ndipo ukate tiketi

Wengi wanaouliza kuhusu Uskoti huanza na ngome na Ziwa Ness. Ngome zipo mwaka mzima, na yule mnyama wa ajabu anayesimuliwa kuishi ziwani bado hajaonekana. Tarehe zako zipangwe na sherehe za wenyeji, maana hapo ndipo Waskoti hufurahi kwa ajili yao wenyewe, mtalii awepo asiwepo.

Hatua ya 1: Sherehe

Mkesha wa Mwaka Mpya wanauita Hogmanay. Ikishapita saa sita usiku, mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye mwenye bahati ya nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Kwa mila awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, aliyebeba kipande cha makaa ya mawe, biskuti za siagi au wiski. Kwa upande wa nywele, ndugu zangu, tumeshafaulu.

Tarehe 25 Januari ni usiku wa mshairi Robert Burns, aliyezaliwa Alloway mwaka 1759. Jumanne ya mwisho ya mwezi huohuo, mjini Lerwick katika visiwa vya Shetland, watu huvaa kama Waviking, huandamana na mienge, kisha huichoma mashua waliyoiunda wenyewe. Agosti ni tamasha la sanaa la Edinburgh, lililoanza 1947. Ni zuri, lakini vyumba hupanda bei vibaya na mji hujaa. Mwenye familia na bajeti ndogo auruke mwezi huo.

Chaguo langu ni kijiji cha Braemar, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kwenye michezo ya nyanda za juu. Kuna mchezo wa kurusha gogo refu, na wageni wengi huutazama bila kuuelewa. Hashindi aliyelitupa mbali. Gogo lapaswa kupinduka hewani na kulala likiwa limenyooka mbele ya mrushaji.

Hatua ya 2: Viza

Ni ya Uingereza ileile, Uskoti haina yake. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Omba mapema.

Hatua ya 3: Njia

Treni ya London King's Cross hadi Edinburgh huchukua kama saa nne na nusu. Siku mbili pale zinatosha. Mzinga wa ngomeni hupigwa saa saba mchana kila siku isipokuwa Jumapili, usishtuke.

Ukifika Glasgow, tenga nusu siku kwa Blantyre, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Sisi tunalo la kutafuta humo: habari za Chuma na Susi, waliokuwa katika msafara uliobeba maiti yake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo mwaka 1874.

Kisha panda treni ya Glasgow kwenda Mallaig. Inapita daraja la Glenfinnan lenye matao 21. Watalii hugombania tiketi za treni ya mvuke, na hii ya kawaida hupita juu ya daraja hilohilo. Mallaig kuna feri ya kwenda kisiwa cha Skye.

Hatua ya 4: Ngoma

Usirudi bila kucheza ceilidh, hutamkwa "keili". Fidla, kodiani, na mtu mmoja anayeeleza hatua kabla ya kila wimbo. Hakuna anayejali ukikosea. Ukikaa kitini ndipo watakapokujia.

MASWALI

Mkuu, mgeni akivaa kilt, lile vazi la miraba la wanaume wa Kiskoti, si dharau?
Hapana, maduka yanaikodisha. Baada ya vita vya Culloden, ambako waasi wa nyanda za juu walishindwa na jeshi la serikali, sheria ya 1746 iliwakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa mavazi hayo, ikafutwa 1782. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi Walter Scott aliyaandaa mapokezi, na hapo ndipo vitambaa vya miraba vikawa vazi la taifa zima. Kwa hiyo hata huo usemi wa "ukoo wangu, rangi zangu", kwamba kila ukoo una miraba yake, kwa sehemu kubwa si wa kale kama unavyoelezwa. Ila usiiite sketi.

Haggis ni nini, na Muislamu atakula?
Ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, yaliyosagwa na nafaka ya oti (oats), kitunguu na viungo, na kwa asili hupikwa ndani ya tumbo la kondoo. Mla mutura, ile soseji ya utumbo ya Kenya, hataona ajabu. Usiku wa Burns huletwa mezani kwa zumari, ikasomewa shairi, ndipo ikakatwa. Usiichukulie kuwa halali bila kuuliza. Ya mboga tupu inauzwa madukani, na mikahawa mingi inayo.

Dada yangu aenda Desemba na watoto. Baridi itawashinda?
Upepo na mvua ndivyo vitakavyowasumbua, kwa hiyo koti lisilopitisha maji ni bora kuliko sweta tatu. Jambo jingine ni giza: Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, matembezi yafanyike asubuhi.

Kuna mbu?
Kiangazi, upande wa magharibi, kuna visubi wadogo wanaouma kwa makundi. Hawaleti malaria. Upepo ukivuma hupotea.

Noti zao zinatumika London?
Ni pauni ileile, lakini hutolewa na benki tatu za Uskoti na baadhi ya maduka ya England huzikataa. Zimalizie hukohuko, au omba chenji ya noti za Benki Kuu ya Uingereza kabla ya kupanda treni.