Jinsi ya kukagua Tatra iliyotoka jeshini kabla hujatoa hela

Wakuu, mtu akitaka kununua Tatra 815 iliyostaafishwa jeshini kitu cha kwanza anauliza kilomita, na hapo ndo anaanza vibaya. Lori la jeshi mara nyingi halijatembea sana, limekaa. Limepaki miaka na miaka, linawashwa, linasogezwa kidogo, linarudishwa palepale, na huko kukaa ndo kunaliua maana mpira unakauka, oilsili (zile sili zinazozuia oili kuvuja) zinakakamaa, maji yanajikusanya sehemu za chini afu dashibodi inakuonyesha kilomita chache unafurahi. Kwahiyo tunatafuta madhara ya kukaa, ya kutembea baadae.

Kitu kingine, usilikague kama lori la kawaida. Kiwanda cha Tatra kipo Kopřivnice, Jamhuri ya Czech, kilianza na magari ya farasi mwaka 1850, na tangu mhandisi wao Hans Ledwinka atoe Tatra 11 mwaka 1923 wameshikilia muundo wao mpaka leo: hakuna zile chesisi mbili ndefu sambamba, kuna bomba moja nene katikati, propela (ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inapita ndani ya bomba, na ekseli zimekatwa nusunusu, kila gurudumu linapanda na kushuka lenyewe. Ndo maana majeshi yanalipenda, bomba halijipindi ovyo gurudumu moja likiingia shimoni na propela haipigwi na mawe. Dereva Karel Loprais alishinda mbio za Dakar upande wa malori mara 6 na magari ya muundo huu. Ila fundi ambaye hajawahi kulishika atakupa majibu ya uongo bila kukusudia.

Anza na macho. Lori likiwa tupu, sehemu tambarare, simama nyuma yake mbali kidogo uangalie magurudumu ya nyuma. Utaona yamekaa kimatege, juu yametoka nje na chini yameingia ndani, mtu mgeni anasema ekseli imevunjika anakimbia. Haijavunjika, ndivyo lilivyo, ukilipakia mzigo yananyooka. Cha kuogopa ni kinyume chake: lori tupu kabisa lakini magurudumu ya nyuma yamenyooka wima au juu yameanza kulala ndani, hapo springi zimechoka, na ukiweka mzigo litakaa vibaya zaidi. Angalia pia kama upande wa kushoto na kulia vinafanana, upande mmoja ukiwa umelala kuliko mwingine kuna springi imekatika. (Matoleo mapya yenye springi za upepo hayana mambo haya, upepo unashikilia kimo kilekile tupu au na mzigo, kwahiyo kwanza chungulia uone umekutana na lipi.)

Ukiwa hapohapo soma tairi. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2311 maana yake wiki ya 23 mwaka 2011. Tairi la jeshi linaweza kuwa na meno yote kama jipya na bado ni bovu, paka mate kidole upitishe pale ubavuni karibu na rimu, nyufa ndogondogo utazihisi kabla hujaziona. Na angalia saizi!! 815 nyingi za jeshi zina 15.00-21, rimu ya inchi 21 ambayo tairi zake sio rahisi kupata, watu wengi wanaishia kubadilisha rimu zote waende inchi 20, na ukizidisha mara sita au mara nane hiyo ni hela nyingi sana, iweke kwenye hesabu kabla ya kutaja bei.

Sasa injini. Hili sio la redieta, injini ya Tatra yenyewe inapozwa kwa upepo, V8 (silinda nane) ni lita 12.7 na V12 (silinda kumi na mbili) ni lita 19, hamna maji, hamna mpira wa maji wa kupasuka. (Ukikuta redieta usishtuke, siku hizi wanafunga hata injini za watu wengine, Tatra Phoenix iliyotoka 2011 inatumia kabini na injini za kampuni ya DAF.) Kwenye injini ya upepo adui ni uchafu. Chukua tochi, angalia mapezi ya silinda (yale mabamba membamba yanayotoa joto), kama oili imevuja ikachanganyika na vumbi ikaganda katikati ya mapezi basi hiyo silinda imekuwa ikipikwa, hata kama inanguruma vizuri leo. Angalia na yale mabati yanayoelekeza upepo, yawepo yote, maana kuna watu wanayatoa wakati wa matengenezo hawayarudishi wanaona ni urembo tu. Bati moja likikosekana upepo unatorokea hapo na silinda za mbali hazipati kitu.

Mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Fika, weka mkono kwenye injini, iwe baridi kweli, ikiwa ya moto amekuficha uwashaji wa asubuhi na hapo omba siku nyingine. Likiwaka baridi moshi mweupe kidogo ni kawaida, ukiendelea bila kukoma kuna silinda haichomi. Na hapa ndo napenda hii injini kuliko zote, kila silinda ina hedi yake peke yake, kwahiyo unaweza kumkamata mgonjwa mmoja mmoja. Chukua kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga, likiwa limeunguruma dakika moja mbili tu lenga mdomo wa ekzosi wa kila silinda, moja baada ya nyingine, andika namba. Zote zinapanda pamoja, ile iliyobaki nyuma ndiyo yenye shida, nozo inayonyunyiza dizeli au kompresheni. Ikiwa ni moja usiliache lori kwa sababu hiyo, hedi moja inatoka bila kugusa zingine, ni kazi ya fundi mwenye utulivu. Zikiwa tatu nne hapo ni injini nzima, ongea bei ya injini nzima.

Upepo wa breki ni rahisi ila usiuruke. Jaza mpaka geji itulie, zima injini, kaa kimya, sikiliza. Geji ikishuka huku unaiangalia kuna sehemu inavuja. Kama lina mfumo wa kujaza tairi kutoka kwenye kabini, ufungue uzungukie gurudumu moja moja na maji ya sabuni pale kwenye habu, sili za hapo zinakakamaa haraka likikaa na watu wengi huwa wanaufunga tu wanaacha. Washa na hita ya kabini, kwa sababu injini haina maji hita inachoma dizeli yenyewe, ina moto wake, ukisikia harufu ya moshi ndani usiitumie kabisa mpaka ikarabatiwe, moshi ule unaua mtu akiwa amelala.

Kuendesha, nenda taratibu, ingiza difu loki (zinazofunga difu, zile gia zinazogawa nguvu, ili magurudumu yazunguke pamoja) kwenye udongo au kokoto sio kwenye lami, uone zinaingia na zinatoka, maana zilizokaa zinagoma kutoka.

Cha mwisho wengi hawakifanyi. Haya malori yanapitishwa mitoni, na oilsili iliyokauka inaruhusu maji kuingia kwenye difu. Omba lori lilale usiku mzima bila kuwashwa, asubuhi legeza bolti ya kumwagia oili ya kila difu pole pole sana, usiifungue yote, weka chombo. Maji ni mazito kuliko oili, yamelala chini, yatatangulia kutoka. Likitoka tone moja mbili za unyevu funga, utabadilisha oili. Yakitiririka, au oili ikitoka ya rangi ya maziwa, jua gia na beringi zimeshaanza kutu ndani na huwezi kuziona bila kufungua, kwahiyo ama muuzaji akubali difu hiyo ifunguliwe mbele yako ama akate bei ya difu nzima. Zikiwa difu zote hivyo, mshukuru uondoke.